Je, Dawa za Kifafa Humzuia Mwanamume Kupata Watoto?

Kama kuna sufuria motoni, iepue kwanza, kisha uvute kiti tukae. Leo tuna jambo ambalo watu hulinong'ona tu. Tutazungumza juu ya kijana wa kiume anayetumia dawa za kifafa, na swali ambalo mama yake hulala nalo na kuamka nalo: je, huyu mwanangu ataweza kupata watoto?

Tuchukue mfano. Mama fulani ana mtoto wa kiume aliyeanza kuanguka kifafa akiwa na miaka saba. Walizunguka huku na huku, kwa waganga na kwa maombi, mpaka wakafika kliniki na kijana akaanzishiwa tembe. Leo ana miaka 23. Hajaanguka kwa miaka mitatu. Anafanya kazi ya kinyozi sokoni na amempata mchumba. Siku moja jirani anamvuta mama kando na kumwambia, "Hizo tembe humaliza mbegu za mwanamume. Kama unataka wajukuu, mwachishe." Mama anarudi nyumbani, anautazama ule mkebe wa tembe juu ya meza, na moyo unamwenda mbio. Afanye nini?

Mfano huu tumeutunga, lakini huenda mama huyo ni wewe. Kwa hivyo tukupe jibu fupi kwanza, halafu tueleze polepole.

Jibu ni hili. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa za kifafa zinaweza kupunguza uwezo wa mwanamume wa kupata mtoto. Si kweli kwamba humpata kila anayezitumia, na wanaume wengi walio kwenye tembe wamekuwa baba. Tena mara nyingi dawa ikipunguzwa au ikibadilishwa na daktari, uwezo huo hurudi. Lakini kuacha tembe ghafla kunaweza kumuua kijana wako kabla hajamwona huyo mtoto. Hilo ndilo neno letu la leo: usitupe tembe, peleka swali kliniki.

Kifafa ni nini, na tembe hufanya kazi gani?

Ubongo wetu hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kutoka sehemu moja hadi nyingine. Mtu mwenye kifafa, umeme huo wakati mwingine huruka bila mpango. Ndipo anapoanguka na kutetemeka, au anapoduwaa kidogo bila kusikia anayemwita. Si pepo, si laana, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Hata ukiguswa na povu la mdomo wake hutaambukizwa.

Katika nchi yetu kifafa huweza kuanzia kwa uzazi mgumu uliomnyima mtoto hewa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, au lava wa tegu wa nguruwe walioingia ubongoni. Wakati mwingine chanzo hakijulikani. Shirika la Afya Duniani husema kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi watu 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa.

Tembe za kifafa haziui ugonjwa kama dawa ya malaria inavyoua vijidudu. Kazi yake ni kutuliza ule umeme, leo, kesho na kesho kutwa. Ndiyo maana humezwa kila siku, hata mtu akijisikia mzima kabisa. Kijana wetu wa mfano hajaanguka kwa miaka mitatu kwa sababu amekuwa akimeza tembe zake.

Mbegu za kiume hutengenezwaje?

Ili tuelewe dawa hugusa wapi, tuangalie kwanza mwili wenyewe. Mwanamume ana korodani mbili. Hizo hufanya kazi mbili: hutengeneza mbegu za uzazi, na hutengeneza homoni inayoitwa testosteroni. Homoni hii ndiyo inayomletea kijana sauti nzito na ndevu, hamu ya tendo la ndoa, na nguvu ya kulitimiza. Korodani hazijiongozi zenyewe. Huongozwa na ujumbe unaotoka ubongoni kupitia damu.

Mbegu moja huchukua siku zipatazo 74 kutengenezwa, halafu husafiri kwa siku kadhaa hadi iwe tayari kutoka. Kwa ujumla, hesabu karibu miezi mitatu. Tafadhali ukumbuke miezi hiyo mitatu, kwa maana tutairudia.

Mimba ikipatikana, ni kwa sababu mambo matatu yalikwenda sawa: mbegu zilikuwa za kutosha, ziliweza kuogelea, na zilikuwa na umbo zuri. Maabara hupima mambo hayo hayo. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini ni mbegu milioni 16 katika kila mililita moja ya manii, na angalau mbegu 42 kati ya 100 ziwe zinatikisika. Kuhusu umbo, inatosha hata mbegu 4 tu kati ya 100 zikiwa na umbo kamili. Usishtuke, mama. Hata mwanamume mzima kabisa, mbegu zake nyingi huwa na kasoro ya umbo. Na aliye chini ya viwango hivyo si lazima awe hawezi kuzaa, ila huenda mimba ikachelewa.

Ni dawa gani, na hufanya nini?

Dawa za kifafa ni nyingi na hazifanani. Ndiyo maana ni makosa kusema "dawa za kifafa" kana kwamba ni kitu kimoja. Chukua kadi ya kliniki au mkebe wa tembe, usome jina. Kama huwezi kusoma, mwombe anayejua akusomee.

Kundi la kwanza ni fenobabitali, fenitoini na kabamazepini. Hizi ni dawa za siku nyingi na zimewasaidia watu wengi. Fenobabitali ni ya bei nafuu, na katika vituo vidogo vya afya mara nyingi ndiyo inayopatikana. Kabamazepini wengine huijua kwa jina la Tegretol. Dawa hizi huliamsha ini lifanye kazi zaidi ya kawaida. Ini nalo hutengeneza kwa wingi ile protini inayobeba testosteroni katika damu. Homoni iliyoshikwa na protini hiyo ni kama pesa zilizofungiwa ndani ya sanduku la chama: zipo, lakini huwezi kuzinunulia unga leo. Mwili hutumia ile testosteroni iliyo huru, na ndiyo inayopungua. Mwanamume anaweza kuona hamu imepungua, au uume hausimami vizuri kama zamani. Kabamazepini pia imeonekana kugusa mbegu zenyewe.

Kundi la pili ni valproeti ya sodiamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Epilim. Ni dawa yenye nguvu kwa aina nyingi za kifafa, na kuna watu ambao hakuna nyingine iliyowafaa. Lakini kati ya dawa zote, hii ndiyo ambayo madaktari huifikiria kwanza wanaume wanapokosa watoto. Inaweza kuzifanya mbegu ziwe chache, au zisiogelee vizuri, au ziwe na umbo baya. Kwa baadhi ya wanaume korodani zimeonekana kuwa ndogo kuliko kawaida. Onyo hili limeandikwa katika maelezo ya dawa yenyewe.

Mwaka 2004 watafiti nchini Finland walichapisha uchunguzi wa wanaume 60 wenye kifafa, wakiwalinganisha na wanaume 41 wasio nacho. Waliotumia kabamazepini au valproeti walionekana mara nyingi zaidi kuwa na mbegu zenye kasoro ya umbo au zisizoogelea vizuri. Kwa hivyo yule jirani hakutunga uongo mtupu. Alisikia kitu kilicho na ukweli ndani yake. Kosa lake ni dawa aliyotoa, yaani kumwachisha kijana tembe.

Kundi la tatu ni dawa mpya zaidi, kama lamotrijini na levetirasetamu. Hizi hazichezei ini na homoni kama zile za kundi la kwanza, na lamotrijini hasa imeonekana kuwa na madhara machache kwa upande huu. Tatizo ni kwamba mara nyingi bei yake iko juu, na si kila kituo huwa nazo. Tena si kila kifafa hutulizwa nazo. Kwa hivyo usiseme tu, "Tupeni ile mpya." Daktari ndiye anayepima ni ipi inayokifaa kifafa cha mwanao.

Na sasa habari njema. Katika visa vingi vilivyoandikwa na madaktari, mwanamume aliyekuwa na mbegu dhaifu kwa sababu ya valproeti alipobadilishiwa dawa au kupunguziwa kipimo, mbegu zake zilipata nafuu, na wengine wake zao walipata mimba. Haikuwa hivyo kwa wote, lakini ilikuwa hivyo kwa wengi. Nafuu hiyo haiji kwa wiki moja. Je, unaikumbuka ile miezi mitatu? Mbegu za leo zilianza kutengenezwa miezi mitatu iliyopita, wakati dawa ya zamani ilikuwa bado mwilini. Ni lazima kungojea mbegu mpya.

Si tembe peke yake

Mama, ukikuta moshi usiseme mara moja ni jiko gani. Kifafa chenyewe, hasa kile kinachoanzia pembeni mwa ubongo, karibu na sikio, kinaweza kuvuruga ule ujumbe unaotoka ubongoni kwenda kwenye korodani. Mtu anayeanguka mara kwa mara anaweza kupungukiwa na homoni hata bila tembe.

Halafu kuna moyo. Kijana aliyechekwa shuleni, aliyetengewa kikombe chake nyumbani, aliyekataliwa na wazazi wa msichana, hukua na huzuni na woga. Huzuni hupunguza hamu. Woga wa kuanguka mbele ya mke hupunguza nguvu. Wengine huchelewa kuoa au hawaoi kabisa. Hiyo ni sababu moja wanaume wenye kifafa, kwa wastani, hupata watoto wachache kuliko wengine, na haitokani na tembe.

Zaidi ya hayo, mwanamume mwenye kifafa anaweza kupata yale yanayowapata wanaume wote: magonjwa ya zinaa yaliyoziba mirija, matubwitubwi yaliyoshika korodani baada ya kubalehe, mishipa ya korodani iliyovimba, sigara na pombe nyingi.

Na usimsahau mke. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume una mchango wake, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Lakini nyumbani kwetu ni nani anayenyoshewa kidole? Ni mke. Huitwa tasa, huambiwa arudi kwao, na pengine mume huletewa mke wa pili, bila mtu yeyote kuuliza kama mume amepimwa. Mama mkwe unayesoma, wewe una sauti katika boma lako. Itumie kusema, "Waende wote wawili wapimwe."

Na mtoto atakayezaliwa?

Wazazi wengi huuliza: mtoto wa baba mwenye kifafa atazaliwa na kifafa? Watoto wengi wa wazazi wenye kifafa hawapati kifafa. Kwa kifafa kilichotokana na ajali, malaria au uzazi mgumu, hofu hiyo ni ndogo zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo ni vyema ulijue. Mnamo Januari 2024, Shirika la Dawa la Umoja wa Ulaya lilitoa tahadhari kuhusu wanaume wanaotumia valproeti. Kumbukumbu za hospitali za Denmark, Norway na Sweden zilionyesha kwamba, kati ya watoto 100 ambao baba zao walitumia valproeti katika miezi mitatu kabla ya mimba, karibu 5 walipata matatizo ya ukuaji wa akili, kama vile kuchelewa kusema au kushindwa kutulia. Kwa baba waliotumia lamotrijini au levetirasetamu walikuwa karibu 3. Uchunguzi mwingine wa Denmark, uliotoka mwaka huo huo, haukuona tofauti. Kwa hivyo tahadhari hii ni ya kinga, wala si hukumu. Uingereza iliwashauri wanaume walio kwenye valproeti watumie mpango wa uzazi wakati wote wanapotumia dawa hiyo na kwa miezi mitatu baada ya kuiacha, na wazungumze na daktari kabla ya kutafuta mtoto. Kama mwanao tayari amezaa akiwa kwenye valproeti, usimtazame mjukuu wako kwa hofu. Mpende, mpeleke kliniki ya watoto kama kawaida, na ukiona anachelewa kusema au kutembea, useme mapema.

Neno moja kwa mwenye binti. Valproeti inayomezwa na mwanamke mjamzito ina hatari kubwa zaidi kwa mtoto aliye tumboni: kati ya watoto 100, karibu 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na 30 hadi 40 huweza kupata matatizo ya ukuaji wa akili. Kama binti yako anaimeza, muulize daktari sasa, kabla hajaolewa. Lakini hata yeye asiache ghafla.

Kwa nini asiache tembe ghafla?

Ubongo uliozoea kutulizwa ukinyang'anywa dawa kwa siku moja, ule umeme hurudi kwa kishindo. Mtu anaweza kuanguka mara nyingi mfululizo bila kuzinduka katikati. Anaweza kuangukia moto, kisima au barabara. Anaweza hata kufa ghafla usingizini. Fenobabitali ni hatari hasa ikikatwa mara moja.

Akianguka, ondoa vitu vya kumuumiza, mwekee kitu laini chini ya kichwa, na umlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na usimbane mikono. Tazama saa. Akizidi dakika tano bado anatetemeka, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mkimbize hospitali.

Sasa pima mwenyewe. Upande mmoja kuna mbegu ambazo huenda zimepungua, na ambazo mara nyingi huweza kurudi. Upande mwingine kuna maisha ambayo yakitoka hayarudi.

Basi ufanye nini?

1. Kama mwanao bado ni mtoto mdogo, mpe dawa zake kila siku na usihangaike na habari za wajukuu. Jua jina la dawa na kipimo chake, na uandike. Akifika miaka 14 na hakuna dalili yoyote ya kubalehe, mwambie daktari.

2. Kama ni kijana mkubwa, mpe nafasi azungumze na daktari peke yake. Kuna maneno ambayo mwanamume hawezi kuyasema mama yake akiwa ameketi pale, hata kama mama huyo ndiye aliyemlea kwa machozi. Ngoja nje kwenye benchi. Hilo nalo ni kumtunza.

3. Kama anakaribia kuoa, mtie moyo amwambie mchumba wake ukweli juu ya kifafa na dawa. Ndoa iliyoanza kwa kuficha tembe chini ya godoro huishia kwa tembe kutomezwa. Wawili hao waende kliniki miezi kadhaa kabla ya kutafuta mtoto, ili kama kuna dawa ya kubadilishwa, ibadilishwe kwa utaratibu.

4. Kama wameoana na wamekaa mwaka mmoja bila mimba, na hawatumii mpango wa uzazi, waende wote wawili. Kipimo cha kwanza cha mwanamume ni cha manii, na hakiumi. Anatakiwa akae bila kutoa manii kwa siku 2 hadi 7, kisha ayatoe katika chombo safi anachopewa na maabara. Asitumie sabuni, mate wala kondomu ya kawaida, kwa maana huua mbegu au huziharibu. Kama anayatolea nyumbani, yafike maabara katika muda wa saa moja, yakiwa yamewekwa karibu na mwili yasipoe. Kipimo kimoja kibaya hakitoshi kumhukumu mtu, hurudiwa. Daktari anaweza pia kupima homoni katika damu.

5. Kama dawa itabadilishwa, hubadilishwa polepole kwa wiki au miezi. Mara nyingi mpya huanzishwa kwanza, ndipo ya zamani ipunguzwe kidogo kidogo. Katika kipindi hicho anaweza kuanguka tena. Kwa hivyo asiendeshe pikipiki wala gari, asiogelee, na asipike peke yake kwenye moto ulio wazi. Wewe uliye nyumbani, andika tarehe ya kila kuanguka.

6. Jihadharini na unga, mizizi na vinywaji vya "kuongeza nguvu" vinavyouzwa stendi na sokoni. Vingine huweza kugombana na tembe za kifafa. Kama ameshavitumia, asione haya kumwambia daktari.

7. Alale vya kutosha, apunguze au aache pombe, na aache sigara. Kukesha, hata kama ni kwa miraa, huita kifafa, na kifafa kikirudi dozi hupandishwa.

Kama kituo chako hakina daktari anayejua mambo haya, omba barua ya kupelekwa hospitali ya kaunti yako. Pia kuna shirika la KAWE, ambalo limeshughulikia maslahi ya watu wenye kifafa nchini Kenya tangu miaka ya 1980. Mhudumu wa afya wa kijijini kwenu anaweza kukusaidia kujua pa kuanzia.

Turudi kwa mama yetu

Tulimwacha akiutazama mkebe. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Akinyamaza, atabaki na hofu yake. Akiwatupa wale tembe shimoni, atazika zaidi ya tembe.

Basi jioni kijana anaporudi kutoka kinyozini, mama anamwambia, "Mwanangu, nimesikia neno juu ya dawa zako, na linanisumbua. Sijui kama ni kweli. Siku yako ya kliniki ikifika, uliza." Kijana anainamisha kichwa, kisha anasema, "Hata mimi, mama, nimelifikiria siku nyingi. Niliona haya kukwambia." Usiku huo anameza tembe yake kama kawaida. Siku ya kliniki anakwenda na mchumba wake, na mama anabaki nyumbani akimwombea.

Kule kliniki pengine ataambiwa dawa yake haina shida na apimwe tu kwa uhakika. Pengine ataambiwa ni valproeti, na mpango wa kuibadilisha uanze polepole. Pengine mimba itakuja mapema, pengine itachelewa. Lakini atakuwa hai, akijua jina la dawa yake na sababu ya kuimeza, na mke wake hataitwa tasa kwa jambo ambalo halikuwa lake.

Mambo ya kukumbuka

Baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, zinaweza kupunguza mbegu za mwanamume. Nyingine zinaweza kupunguza hamu na nguvu zake.

Mara nyingi hali hiyo hurekebika dawa ikibadilishwa na daktari, na huchukua angalau miezi mitatu.

Kuacha tembe ghafla kunaweza kuua. Usimwachishe mtu tembe kwa ushauri wa jirani.

Mimba ikichelewa, wapimwe mume na mke.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi chenu

Hapa kwetu, mke asipopata mimba, ni nani hupelekwa hospitali kwanza? Kwa nini?

Je, kijana wetu mwenye kifafa anaweza kutuuliza swali la uzazi bila kuona haya? Tufanye nini ili aweze?

Mwambie na jirani yako uliyoyasoma, hasa yule aliyesema tembe zitupwe.